Mwili unavaibreti, misuli inacheza yenyewe: maswali na majibu

Mi ni tabibu, nakaa kliniki ya wagonjwa wa nje, na hii shida nakutana nayo sana. Mtu anaingia, anafunga mlango, anaanza kwa aibu, "daktari usinicheke, kuna kitu kinaruka hapa pajani". Sicheki. Ni kitu cha kweli, kina maelezo yake, na mara nyingi hakina hatari yoyote, ila wapo wachache ambao hiyo hiyo dalili inatakiwa kuwakimbiza hospitali. Nimeyaweka maswali vile vile watu wanavyoyauliza.

Swali: Kope ya chini jicho la kushoto inacheza tu, wiki ya pili sasa. Bibi kasema nijiandae kulia, kuna msiba unakuja. Naogopa.

Pole. Bibi tumheshimu, wengi tumekua tukisikia hivyo hivyo, kope ya chini kilio, kope ya juu mgeni, ila msiba hauhusiani na jicho lako. Kuzunguka jicho kuna msuli mwembamba sana, na neva inayoupa amri ikichokozeka inaanza kutuma amri ndogondogo bila wewe kutaka, nyuzi chache za msuli zinajikunja zinaachia, zinajikunja zinaachia. Wewe unahisi jicho zima linaruka, afu ukienda kwenye kioo huoni kitu au unaona kangozi kanatetema kidogo tu. Kwa wengi kinacholeta ni kulala masaa machache, stresi, kahawa kali mfululizo, mirungi, na hivi vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, kopo dogo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama miligramu 80, sasa mtu anapiga matatu ili aendeshe bodaboda usiku kucha, kope itatulia saa ngapi? Macho kukauka kwa kukodolea simu nako kunachangia.

Punguza hivo vitu, lala, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya jicho. Itaisha, saa ingine siku mbili, saa ingine wiki kadhaa. Njoo uonwe kama jicho linajifunga lenyewe kabisa, kope imedondoka, au mchezo umeshuka mpaka shavuni na mdomo unavutwa upande mmoja. Hiyo ni shida nyingine na ina matibabu yake.

Swali: Kigimbi, paja, dole gumba, kila siku panaruka pengine. Nimeingia Google nimekuta ugonjwa wa neva unaoua, tangu hapo silali.

Huo uliousoma upo, ni ule aliokuwa nao mwanasayansi Stephen Hawking wa Uingereza, neva zinazoendesha misuli zinakufa pole pole. Lakini ni nadra sana, na hauji kwa mtindo wako. Mwenye huo ugonjwa anachokiona kwanza kwa kawaida ni udhaifu: vifungo vya shati vinamshinda, mguu unaburuza anajikwaa kwenye kizingiti, ulimi unakuwa mzito kwenye maneno, chakula kinampalia, misuli ya kiganja inasinyaa. Wewe unapanda ngazi, unabeba ndoo ya maji, unaongea vizuri, ila misuli inaruka. Tofauti ni kubwa mno.

Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 121 wenye misuli inayocheza bila ugonjwa mwingine, wengine walifuatiliwa mpaka miaka 32, na hakuna hata mmoja aliyekuja kupata huo ugonjwa wa kutisha. Naomba hilo ulishike kabisa.

Na hofu yenyewe inachochea. Ukiogopa mwili unamwaga adrenalini, neva zinakuwa nyepesi kushtuka, misuli inaruka zaidi, unaogopa zaidi, unakaa kitandani saa nane usiku na tochi ya simu unaangalia kigimbi. Hata madaktari wanapatwa na hii hofu, tena sana, kwa sababu wao wanalijua jina la huo ugonjwa. Ukitaka kujipima, tembea kwa vidole vya miguu kuvuka chumba, rudi kwa visigino, mara moja basi, ukiweza pande zote mbili sawa acha kujikagua. Kama umetoka kwenye mazoezi mazito, umeharisha, umefanya kazi juani ukatoka jasho sana, au unatumia zile dawa za presha zinazokojosha, sema, maana madini ya mwilini yakishuka misuli inacheza na kubana, na hayo yanapimika kwenye damu.

Swali: Nasikia simu inavaibreti mfukoni, nikiitoa hakuna aliyepiga, na saa ingine simu yenyewe nimeiacha mezani!

Uko na wenzio wengi. Mwaka 2010 ilitoka taarifa ya hospitali moja ya jimbo la Massachusetts, Marekani, waliuliza wafanyakazi wao, kati ya 169 waliojibu 115 walikuwa wanasikia hiyo hiyo vaibresheni ya uongo. Ubongo umezoea kuisubiri simu, kwa hiyo suruali ikikwaruza kidogo au msuli ukiruka unaitafsiri kuwa ni simu. Hamisha simu mfuko mwingine au zima vaibresheni. Haina dawa na haihitaji.

Swali: Mimi sio msuli kuruka, ni mtetemo wa ndani kabisa, kama jenereta, hasa nikilala. Mume wangu akinishika haoni chochote.

Nakuamini dada. Kuna watu wanahisi hivyo na nje hakuna kinachoonekana. Wengi nawakuta wana wasiwasi wa muda mrefu na usingizi mbovu, wengine ulianza baada ya kuugua COVID, na mara chache unakuja na magonjwa ya neva kama Parkinson, ila huko kwa kawaida kuna mengine pia, mkono kutetemeka ukiwa umetulia, mwendo kuwa mzito. Ninachoangalia mapema ni tezi ya shingo, ikifanya kazi kupita kiasi unakonda huku unakula, moyo unakimbia, joto hulivumilii, mikono inatetema. Na sukari, hasa kwa mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, halafu akaruka mlo: akitetemeka, jasho la baridi, njaa kali, asingoje kupima, anywe soda ya kawaida au maji yenye sukari hapo hapo, afu ale. Ila kama hawezi kumeza au ameanza kupoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Wale mnaoshtuka ghafla mkiwa ndo mnapitiwa na usingizi, kama unadondoka kwenye shimo, huo ni mshtuko wa kawaida, watu wengi wanao.

Swali: Nyayo zinachomachoma kama sindano, usiku zinawaka moto mpaka natoa shuka. Nimeambiwa nichome sindano za vitamini.

Hapa ndo naomba usome taratibu, kwa sababu huyu wa nyayo ananitia wasiwasi kuliko wote wa juu. Kuruka kwa msuli mara nyingi ni bure, ila ganzi na kuwaka moto kunakoanzia vidoleni kukapanda juu, miguu yote miwili, ni neva zinaumia na kuna kitu kinaziumiza. Cha kwanza kupima ni kisukari, kuna watu wanajua wana sukari kwa sababu ya nyayo tu. Anayemeza metformini, kidonge cha kisukari, miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo unaleta hii hii. Anayetumia dawa za TB, kuna dawa ndani yake inaitwa isoniazidi inamaliza vitamini B6, ndo maana unapewa kidonge kingine kidogo pamoja nazo, usikiache nyumbani ukidhani hakina maana. Pombe nyingi, virusi vya UKIMWI, vyote vinagusa neva. Na kama una baka kwenye ngozi ambalo ukiligusa huhisi, sema, huo unaweza kuwa ukoma na unatibika, dawa zake ni bure.

Sasa vitamini. B6 kidogo inalinda neva, B6 nyingi kwa muda mrefu inaziua, yaani inaleta ganzi ile ile uliyokuwa unaikimbia. Ulaya mwaka 2023 waliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima, na baadhi ya vidonge vya "mishipa" dukani vina miligramu 100 au zaidi kwa kidonge kimoja, mtu anameza mwaka mzima bila kipimo hata kimoja. Usinunue hivyo. Pima kwanza, na kama daktari amekuandikia B6 kwa sababu ya TB fuata dozi yake.

Swali: Mdogo wangu alichomwa sindano ya kuzuia kutapika, jioni shingo ikapinda, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka. Watu wakasema mapepo.

Sio mapepo. Metoklopramidi, ile wengi wanaijua kwa jina la Plasil, kwa baadhi ya watu inafanya misuli ya shingo, macho na taya ijivute yenyewe, na wanaopata zaidi ni watoto na vijana, hasa wa kike. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli nazo. Inatisha sana kuona, shingo imepinda kabisa na haigeuki, lakini mgonjwa ana fahamu zote, anakusikia, analia kwa maumivu. Mpeleke hospitali na useme jina la sindano, akichomwa dawa ya kutengua mara nyingi analegea ndani ya dakika chache hao hao waliosema mapepo wakiwa wanaangalia. Afu jina la hiyo dawa liandikwe kwenye daftari lake la kliniki asipewe tena.

Swali: Nimenyunyizia dawa ya wadudu kwenye nyanya, misuli inaruka mwili mzima na mate yananijaa.

Acha kusoma, nenda sasa hivi. Dawa nyingi za wadudu zinashika mfumo wa neva, misuli inaruka, jasho, machozi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, afu pumzi inabana. Vua nguo zote, oga kwa maji mengi na sabuni, usijitapishe, usipoteze muda kutafuta maziwa, na chupa ya dawa au lebo yake uende nayo.

Swali: Kwa hiyo ni nani asisubiri?

Aliyekufa ganzi ghafla upande mmoja au mdomo umepinda. Mkono au mguu unaorukaruka kwa mpigo bila kukoma, hasa kama unapanda kwenda juu. Mwenye kidonda, taya imekaza na mwili unajikunja, hiyo ni pepopunda mpaka ithibitike vinginevyo. Mjamzito anayeshtukashtuka huku kichwa kinamuuma na macho yana ukungu. Na yeyote ambaye nguvu zinapungua.

Wengine mnaweza kuja kliniki siku yoyote ya kazi. Msuli ukianza kuruka urekodi video kwa simu, kwa sababu ukifika mbele yangu utakuwa umetulia, na beba pakiti za dawa zote unazomeza, pamoja na zile za asili na za kuongeza nguvu.