Usubi wa Amudat si mbu, wala hakai ziwani

Jina ndilo linalotuchanganya. Ukitaja usubi, mtu wa Entebbe anawaza mawingu ya sami yanayopanda kutoka ziwani na kujaa kwenye taa. Wa Jinja anakumbuka hadithi za wazee kuhusu embwa, inzi weusi wa kando ya Nile waliopigwa vita kwa dawa tangu miaka ya 1950. Sami hawaumi. Embwa waliuma, walizaliana kwenye maji yaendayo kasi na kueneza upofu wa mto. Hao wote si wa leo.

Wa leo ni inzi wa mchanga, anayeeneza kala-azar, ugonjwa wa vimelea vinavyoitwa leishmania. Ana milimita 2 au 3, rangi ya majani makavu, na akitua mabawa yake husimama kama herufi V. Halii sikioni kama mbu. Unashtukia kuwashwa tu.

Watu husema mengi juu yake. “Tumwage maji yaliyotuama, ataisha.” Hiyo ni vita ya mbu. Huyu hatagi majini, hutaga kwenye udongo wenye unyevu na mboji. Huko Amudat, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mwenezaji anajulikana: Phlebotomus martini, mpangaji wa vichuguu. Sogelea kichuguu kirefu wakati wa kiangazi (tazama nyoka kwanza), uweke kiganja kwenye tundu. Nje ardhi imepasuka, lakini humo inatoka hewa yenye unyevu. Ndimo anamoshinda mchana. Giza likiingia, jike hutoka kutafuta damu. Dume hana haja nayo. Mchungaji aliyeegemea kichuguu jioni amejipeleka mlangoni kwake.

“Kila inzi wa mchanga ana ugonjwa.” Hapana. Duniani kuna aina zaidi ya 800, na zinazojulikana kueneza leishmania ni 90 na kidogo.

“Chandarua hakimzuii.” Kisicho na dawa, kweli, anapenya. Chenye dawa kinasaidia.

Linaloua hasa ni hili: “Homa ni malaria tu.” Kala-azar huanza kama malaria, ila haiondoki. Wiki mbili zinapita, mgonjwa anakonda, damu inapungua, bandama inavimba hadi unaigusa chini ya mbavu za kushoto. Wengine huchanjwa chale tumboni hapo, na chale hazikifikii kimelea kilichojificha ndani ya bandama na uboho. Bila matibabu, zaidi ya 95 kati ya wagonjwa 100 hufa. Na dawa ipo: sindano za stibogluconate na paromomycin kwa siku 17, baada ya kipimo cha haraka cha tone la damu.

Tena ugonjwa hauna haraka. Kwa kawaida hujitokeza miezi 2 hadi 6 baada ya kuumwa. Mchuuzi wa mbuzi aliyelala Amudat mwezi wa Februari anaweza kuanza kutetemeka Julai akiwa Mbale, na daktari asipoambiwa alikolala, atamwandikia dawa ya malaria kwa mara ya tatu.