Helen Forrest na santuri zake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wanasema: Helen Forrest, mwimbaji Mmarekani wa bendi za dansi, ndiye aliyekuwa nyota, bendi ilimsindikiza tu.
Ilikuwa kinyume chake. Alipoimba katika bendi ya Artie Shaw, kisha ya Benny Goodman, kati ya 1938 na 1941, jina kubwa kwenye santuri lilikuwa la kiongozi wa bendi. Watu walikwenda ukumbini kucheza dansi. Bendi ilitangulia kupiga wimbo, ndipo Forrest akainuka kitini, akaimba maneno ya wimbo mara moja tu, akarudi kuketi. Tena santuri ya inchi 10, ya mizunguko 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika 3 tu kwa upande. Fungu lake likawa dakika moja na ushei.

Kwangu mimi, utamu umo humo humo. Hana muda wa kupasha koo wala wa madoido; anaingia moja kwa moja, kila neno linasikika, na kabla hujashiba saksafoni zimeshapokea. Unarudisha sindano mwanzo.

Wanasema: zamani waimbaji walipaza sauti mno.
Hao ni wa kabla ya maikrofoni. Forrest aliimba karibu nayo, kwa sauti ya mazungumzo, hata nyuma yake pakiwa na tarumbeta na tromboni kibao.

Wanasema: wanaompenda wanalilia ujana wao tu.
Wengi wetu hata hatukuwa tumezaliwa. Sikiliza "I Had the Craziest Dream" ya 1942, akiwa na Harry James, mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi. Alipojiunga na James mwaka 1941, aliomba muziki upangwe kuizunguka sauti yake, asiwe tena wa kupachikwa katikati. James akakubali, na bendi yake ikawa na fidla pia. Tarumbeta inatangulia kwa huzuni tamu, kisha Forrest anapokea bila kuigiza kilio. Hiyo ni kazi ya upangaji na pumzi. Ujana wa msikilizaji haumo.

Wanasema: mwaka wimbo ulipovuma ndio uliorekodiwa.
Si lazima. "Taking a Chance on Love" aliirekodi na Goodman mwaka 1940, ikavuma 1943. Wanamuziki wa Marekani walikuwa wamegoma kurekodi tangu Agosti 1942, kampuni za santuri zikafukua rekodi za zamani zilizokuwa kabatini. Wakati huo Forrest alishaachana na Goodman zamani.