Kushuka chini ya nyumba Kampala: yanayosemwa saiti na yanayodaiwa na sheria

Kampala ni mji wa vilima. Kiwanja kikishajaa, mwenye nyumba wa Muyenga au Naguru hutazama mteremko ulio mbele ya baraza yake na kujiambia: nitachimba, nishuke chini, niongeze chumba chini ya nyumba. Kazi yangu ni kumsaidia mhandisi wa majengo, na kila tunapoitwa kutazama kiwanja cha namna hii, maneno huwa yale yale, mara nyingi hata kabla chai haijaletwa.

"Hati ni yangu, udongo ni wangu." Hati huonyesha mwenye ardhi ni nani, basi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inakataza kuanza ujenzi bila kibali cha kamati ya majengo, na Sheria ya Mipango Miji ya 2010 inadai ruhusa yake ya uendelezaji. Ardhi iwe ya mailo (umiliki wa kudumu wa asili ya Buganda), ya umiliki huru au ya kukodi, hilo halibadiliki. Mwenye kibanja, yaani anayekaa kwa haki kwenye ardhi ya mtu mwingine, ndiye aliye na safari ndefu zaidi, maana inambidi kwanza aelewane na mwenye ardhi.

Wengine hutoa barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, iliyopigwa muhuri. Barua hiyo ina faida: mwenyekiti anawajua wakazi, anaijua mipaka, na ugomvi wa majirani hupelekwa kwake kwanza. Lakini hana mamlaka ya kuruhusu ujenzi. Ndani ya Kampala ombi hupelekwa KCCA, mamlaka ya jiji. Na anayedhani ameponea kwa kuwa yuko wilaya za jirani, Wakiso au Mukono, ajue kwamba sheria ile ya 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango.

"Ramani ya nyumba ilishapitishwa zamani." Ilipitishwa nyumba iliyochorwa. Chumba cha chini hakikuwemo.

Dhana inayonikosesha usingizi ni hii: "Ni ukarabati tu, nje hakuna kitakachoonekana." Kupaka rangi ni ukarabati. Kuchimba chini ya nyumba inayokaliwa ni kuuondolea msingi udongo unaoubeba. Kazi hii hufanywa kwa vipande. Unachimba kipande cha upana wa mita moja hivi, unamimina zege, unasubiri likomae, kisha unaruka na kwenda kuchimba mbali kidogo, usije ukauacha ukuta mrefu ukining'inia. Nimewaona vijana wenye sururu wakifungua upande mzima kwa siku moja kwa sababu walilipwa kwa kazi, si kwa siku. Na udongo ukianza kuteremka hauulizi mpaka uko wapi. Ukuta wa jirani nao hufuata. Ndiyo maana kamati hudai michoro ya msanifu aliyesajiliwa, hesabu za mhandisi aliyesajiliwa, na kwa shimo la kina, ripoti ya udongo. Kwa macho yangu, kibali hiki ni cha jirani kabla hakijawa chako, hata kama karatasi ina jina lako.

"Sisi tuko mlimani, maji ni shida ya watu wa Bwaise kule bondeni." Zitazame chemchemi zinazotoka chini ya vilima vyetu, watu wanakopanga madumu alfajiri. Maji yale ni mvua iliyonyesha juu, ikapenya kwenye maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kushuka polepole ndani ya kilima. Ukikata mteremko, unaikata njia yake, na ukuta wako unageuka kuwa bwawa. Mwezi wa Julai shimo linaweza kuwa kavu kama unga. Aprili ikifika, sakafu inatoa jasho. Ukuta wa chini unahitaji utando wa kuzuia maji kwa nje na mfereji wa kokoto nyuma yake, uliochorwa mapema. Na ukiweka choo huko, kikiwa chini kuliko bomba la majitaka, utategemea pampu. Umeme ukikatika usiku wa mvua, utaelewa kwa nini mhandisi alisisitiza jenereta.

Bondeni habari ni nyingine kabisa. Ardhi oevu ina sheria zake na NEMA, mamlaka ya mazingira, ina neno lake, na kando ya Ziwa Victoria ukanda unaolindwa ni mita 200 kutoka ufukweni. Huko usitafute hata mchoraji kabla ya kuuliza.

Kibali kikikataliwa, je? Wengi hufikiri imebaki kumtafuta "mtu wa ndani". Njia ya rufaa ipo: unaipeleka kwa Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo. Kukataliwa kwenyewe mara nyingi ni suala la mchoro kurudi kurekebishwa.

Kisha wapo wa "jenga kwanza, faini baadaye". Tatizo lao huja mwishoni, maana jengo likikamilika linahitaji pia kibali cha kulikalia, na nondo zimeshafunikwa na zege. Mzee mmoja alituita katika hatua hiyo, akitaka mhandisi atie sahihi. Tukamwomba picha za nondo kabla zege halijamwagwa. Akatafuta sana kwenye simu, akaipata moja: yeye mwenyewe, amesimama mbele ya nondo, amezikinga zote kwa koti lake.