Hujameza Dawa, Usugu Umetoka Wapi?

Mgonjwa wa UTI anaweza kuapa kwamba hajagusa antibayotiki mwaka mzima, na ikawa kweli. Bado mkojo wake ukioteshwa maabara, bakteria wanakutwa hawasikii amoksilini, pengine hata siprofloksasini. Tumezoea kumlaumu aliyenunua dawa bila cheti, na lawama hiyo anastahili. Lakini usugu huzaliwa pia nje ya miili yetu, na hapa Arusha njia zake zinaonekana kwa macho.

Chukua banda la kuku. Vifaranga wanakoroma, mfugaji anakwenda duka la dawa za mifugo, anarudi na pakiti ya OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya mifugo), ule unga wa njano, anaukoroga kwenye maji. Wengine huwapa kuku wazima, eti kinga. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka na kinyesi ikaingia kwenye maranda. Humo bakteria hukutana na dozi isiyotosha kuwaua wote: dhaifu wanakufa, sugu wanazaana. Baadaye maranda yanafungwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wakulima wa mboga.

Binadamu naye anachangia. Zaidi ya nusu ya amoksilini unayomeza hutoka kwenye mkojo ndani ya saa chache ikiwa bado dawa kamili. Masika vyoo vya shimo vikifurika, uchafu wote huo huteremkia Mto Themi, ambao maji yake humwagilia bustani za mboga kabla ya kufika Mto Kikuletwa.

Kinachotutia hofu zaidi sisi wa maabara ni kwamba bakteria hugawiana usugu. Asiye na madhara kutoka tumboni mwa kuku anaweza kumpa mwingine, hata wa aina tofauti, kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi, na anayepokea akawa ndiye anayetuletea ugonjwa. Mwaka 2019 vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Mfugaji, kideri ni ugonjwa wa virusi. OTC haiutibu, chanjo ndiyo kinga yake. Mbolea ya kuku usiimwage shambani mbichi. Irundike, inyunyizie maji, igeuze kila baada ya siku kadhaa. Joto la ndani likifika nyuzi 55 na kudumu, bakteria wengi hufa. Mchicha uliopikwa ukaiva hauna shida kubwa. Kachumbari ndiyo ya kuangalia: osha nyanya na majani ya giligilani kwa maji safi yanayotiririka, si kwenye beseni lililooshea vingine.