Jinsi ninavyofunga baiskeli ya mbio kwenye begi la ndege

Kipande ninachokihofia zaidi katika baiskeli inayopanda ndege hakizidi urefu wa kidole. Ni kishikizo cha aluminiamu kinachokiunganisha kibadilisha gia cha nyuma na fremu, nacho hutengenezwa laini kwa makusudi, ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe na kuinusuru fremu. Bahati mbaya, begi likilazwa upande wa kulia na sanduku la kilo 20 likatupwa juu yake, kishikizo hicho hupinda vilevile, na mwenye baiskeli huja kugundua akiwa mlimani, anapoingiza gia nyepesi kuliko zote na kibadilisha gia kikanasa kwenye spoki.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Arusha. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, baadhi ya wateja wangu walitaka kwenda kuyatazama na kupanda vilima vya mji ule kwa baiskeli zao wenyewe, na karibu wote waliniuliza swali moja: je, begi la kitambaa lenye sponji linatosha, au ni lazima sanduku gumu? Jibu langu ni kwamba linatosha, ilimradi ukumbuke kuwa sponji huzuia mikwaruzo na mitikisiko tu. Uzito wa mizigo ya wenzako hubebwa na magurudumu, fremu na vizuizi utakavyoviweka ndani. Hivyo kazi kubwa ni ya mfungaji, si ya begi.

Faida ya begi ni uzito wake. Mengi mazuri yana kati ya kilo 8 na 10, ilhali masanduku magumu mara nyingi huzidi hapo. Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 23 kwa mzigo mmoja, kwa hiyo baiskeli ya kilo 8.5 ndani ya begi la kilo 8.5 hukuachia kilo 6 za viatu, kofia ngumu na spana. Usilijaze nguo kwa kudhani kwamba unaongeza ulinzi, kwa maana begi likizidi kilo 32 hukataliwa karibu kila mahali.

Naanza na kibadilisha gia. Nakipeleka kwenye sproketi (gurudumu la meno) kubwa kabisa ya nyuma ili kisogee ndani, nalegeza skrubu yake, nakitoa kwenye kishikizo, nakifunga kwa kitambaa na kukining'iniza katikati ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Mbele, mnyororo naulaza kwenye sproketi kubwa ili ufunike meno yake yasitoboe kitambaa cha begi. Pedali huwasumbua watu bure, kwa sababu ile ya kushoto ina nyuzi za skrubu za kinyume. Kumbuka tu kwamba zote mbili hulegea ukiivuta spana iliyosimama wima kuelekea gurudumu la nyuma. Kabla ya kushusha nguzo ya kiti naizungushia utepe pale inapoingia kwenye fremu, ili kimo cha kiti cha mwenye baiskeli kisipotee.

Magurudumu yakishatoka, ncha za foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na za fremu hubaki uchi, na zikibanwa kwa pembeni zinaweza kukunjana au, zikiwa za kaboni, kupasuka. Hapo panahitajika vile vipande vya plastiki vinavyokuja na baiskeli mpya. Muuzaji yeyote huvitupa, kwa hiyo muombe. Diski za breki nazitoa kwenye magurudumu na kuzifunga kati ya makaratasi mawili magumu, kisha natia kipande cha plastiki kati ya pedi, kwa kuwa mkono wa breki ukibanwa bila diski, pistoni husogea na pedi hukutana.

Kila bomba la fremu nalivika sponji nyeusi za mabomba ya viyoyozi, zinazopatikana kwa mafundi friji kwa bei ndogo. Niliwahi kuacha ekseli ndani ya gurudumu kwa haraka ya jioni, na begi liliporudi nikakuta imechimba kishimo kwenye bomba la juu la fremu ya mteja. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo ekseli zote huingia kwenye mfuko wake, na kila gurudumu hulazwa habu (kitovu chake) ikiwa mbali na bomba lolote.

Kuhusu upepo wa tairi, hofu ya kupasuka angani haina msingi: sehemu ya mizigo hushindiliwa hewa kama chumba cha abiria, na hata isingeshindiliwa kabisa, tairi ya psi 80 ingejihisi kama ya psi 95 tu. Hata hivyo sibishani na watu wa kaunta wanaotaka upepo upunguzwe. Napunguza karibu nusu na kuuacha uliobaki ulinde rimu, hasa kwa tairi zisizo na tyubu, ambazo zikiisha upepo huachia rimu na kumwaga ndani ya begi gundi yake ya maji ya kuziba matundu.

Betri za akiba za lithiamu hukaa nawe ndani ya ndege, kamwe si kwenye begi. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi huhitaji idhini ya shirika, nami huwaambia wateja wachukue pampu ya mkono tu.

Ukifika, fungua begi kabla ya kutoka uwanjani. Rudisha diski na magurudumu, simama nyuma ya baiskeli na utazame kama kishikizo kimenyooka sambamba na gurudumu, kisha zungusha magurudumu na kusikiliza kama diski zinagusa pedi. Palipoharibika piga picha na uandikishe malalamiko pale pale kaunta. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaozihusu Tanzania na Kenya, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Wakati unasubiri majibu, kishikizo cha akiba ulichokitia kwenye mfuko wa spana hufungwa kwa dakika kumi.