"Kampuni ndogo haiwezi": dhana zinazokwamisha ubunifu, ugavi na masoko ya nje

Umoja wa Ulaya huihesabu kampuni kuwa ndogo au ya kati ikiwa na wafanyakazi chini ya 250 na mauzo yasiyozidi euro milioni 50 kwa mwaka. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, kampuni za kundi hili ni karibu asilimia 90 ya biashara zote duniani na zimeajiri zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Hata hivyo huzungumziwa kama watoto wanaongoja kukua. Dhana nyingi zilizo hapa chini zimezaliwa na mtazamo huo.

Dhana: Ubunifu ni maabara na hataza.

Hapa watu huchanganya uvumbuzi, ambao ndio hulindwa na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi, "patent" kwa Kiingereza), na ubunifu. Mwongozo wa Oslo, unaotumiwa na watakwimu wa nchi nyingi tangu 1992, unasema katika toleo la 2018 kwamba ubunifu ni bidhaa au utaratibu wa kazi uliobadilika kwa kiasi kikubwa kuliko ule kampuni iliokuwa nao, na ambao tayari umefika kwa wateja au umeanza kutumika. Si lazima uwe mgeni kwa dunia nzima. Kifungashio kinachofanya bidhaa ikae muda mrefu bila kuharibika kinahesabika. Wazo zuri lililolala kwenye droo halihesabiki.

Tena wazo si lazima lizaliwe ndani. Mtafiti Pieter VanderWerf alichunguza mashine za kufunga waya kwenye viunganishi vya umeme, akakuta kwamba nyingi za mashine hizo zilibuniwa na kampuni zinazouza viunganishi vyenyewe. Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake: kadiri kazi ya kufunga inavyokuwa rahisi, ndivyo viunganishi vinavyonunuliwa zaidi. Msambazaji alikuwa na sababu yake ya kuumiza kichwa kwa niaba ya mteja.

Dhana: Msambazaji ni mtu wa kubanwa bei, basi.

Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani, kiliungua. Ndicho kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote ndogo za breki zilizotumiwa na Toyota, na akiba iliyokuwepo ilikuwa ya muda mfupi mno. Viwanda vya Toyota nchini Japani vikasimama. Ndipo makumi ya kampuni, baadhi ndogo kabisa, yakagawana michoro na kuanza kuchonga vali kwa mashine ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo, bila kwanza kupatana malipo. Brother, watengenezaji wa cherehani, nao waliingia ingawa hawakuwa wamewahi kutengeneza vipuri vya magari. Ndani ya wiki moja magari yalikuwa yameanza kutoka tena.

Uhusiano wa namna hiyo haununuliwi siku ya moto. Lakini kisa hiki kina upande wa pili ambao wanaokipenda huuruka: ukaribu huohuo ndio ulioifanya Toyota itegemee kiwanda kimoja. Kumwamini msambazaji ni jambo moja, kumfanya awe pekee ni jingine.

Kuna pia wanaodhani kwamba ukimpata mshirika mjuzi, ujuzi utahamia kwako wenyewe. Hauhami. Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza mwaka 1990 kwamba kampuni hunufaika na maarifa ya nje kwa kadiri ya maarifa iliyonayo tayari. Kama hakuna fundi wako anayeweza kubishana na fundi wa msambazaji, utapokea mzigo na risiti tu.

Dhana: Kwanza ukue nyumbani, ndipo utoke nje.

Hii ina ukweli wa nusu. Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walieleza mwaka 1977 jinsi kampuni zinavyotoka polepole, zikianza na nchi wanazozielewa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakikuta kampuni changa zinazouza nje karibu tangu kuanzishwa. Mwaka 2009 Johanson na Vahlne wenyewe walirekebisha maelezo yao: kikwazo kikubwa si ugeni wa nchi, bali ni kuwa nje ya mtandao wa watu wanaofanya biashara pamoja huko. Kwa kampuni ndogo hiyo ni habari njema, maana msambazaji au mteja aliye tayari ndani ya mtandao huo aweza kuwa mlango. Kipuri chako kikiwa ndani ya mashine inayouzwa ng'ambo, bidhaa yako imekwisha kuvuka mpaka.

Usidhani tu kwamba kuvuka mpaka ni dawa. Uchunguzi wa Andrew Bernard na Bradford Jensen juu ya viwanda vya Marekani ulionyesha kuwa waliouza nje walikuwa bora kabla hata ya kuanza.

Dhana: Hataza ya nyumbani inalinda kila mahali.

Hataza hukomea kwenye mipaka ya nchi au eneo lililoitoa. Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba katika nchi wanachama nyingine huku ukihifadhi tarehe ya ombi hilo la kwanza. Kwa alama ya biashara ni miezi 6. Na kama umebuni pamoja na msambazaji, swali la nani anamiliki mchoro na nani anamiliki kalibu lijibiwe kwa maandishi kabla mchoro haujatumwa.