Pointi za divisheni si pointi za udahili

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, husikika sentensi ileile: "Nimepata divisheni three ya pointi 14, kwa hiyo nina sifa za kusoma shahada ya ustawi wa jamii." Huenda anazo, huenda hana. Pointi 14 peke yake haimjibu.

Sifa za kujiunga ni kiwango cha chini cha elimu kinachomruhusu mwombaji kuingia kwenye ushindani wa nafasi. Nchini Tanzania kiwango hicho huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Juu yake kila programu huwa na masharti yake ya masomo, na yote hutolewa kila mwaka kwenye mwongozo wa udahili. Ufafanuzi wenyewe hauna ugumu. Kinachowaponza watu ni hesabu, kwa sababu neno pointi linatumika kwa vipimo viwili vinavyokwenda kinyume.

Pointi za divisheni ni za Baraza la Mitihani, NECTA. Humo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa za masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliosomea mtahiniwa, na anayepata jumla ndogo ndiye aliyefaulu zaidi: 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. Pointi za udahili zinageuza kipimo hicho juu chini. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Hapa anayetafutwa ni mwenye nyingi. Tena, kwa programu kama ustawi wa jamii, hazihesabiwi za masomo matatu. Yanachukuliwa mawili tu, yote yawe ya prinsipo, yaani ufaulu wa A hadi E, na jumla yake isipungue 4.0. GS (General Studies) na BAM (hisabati ya ziada), masomo ya nje ya tahasusi, hazimo kwenye hesabu hii hata ukizipata vizuri namna gani.

Chukua watahiniwa wawili wa tahasusi ya HGL. Wa kwanza ana D ya Historia, E ya Jiografia na E ya Kiingereza. Kwa NECTA hizo ni 4, 5 na 5, jumla 14, divisheni ya tatu. Wa pili ana C ya Historia, E ya Jiografia na F ya Kiingereza: 3, 5 na 7, jumla 15, divisheni ya tatu vilevile, na kwenye karatasi yuko nyuma ya mwenzake kwa pointi moja. Sasa geuza kipimo. Wa kwanza, masomo yake mawili bora ni D na E, 2 na 1, jumla 3.0. Hana sifa. Wa pili ana C na E, 3 na 1, jumla 4.0 kamili. Anazo. Aliyefeli somo zima ameingia, aliyefaulu yote matatu amebaki nje, na hakuna aliyeonewa. Kipimo cha udahili kinauliza umefikia wapi kwenye masomo mawili, si umejitawanya vipi kwenye matatu.

Kuna mfano mkali zaidi ya huo. Mwenye A moja na S mbili ana pointi 13 za divisheni, pungufu kuliko wote wawili, lakini hana sifa, kwa kuwa prinsipo yake ni moja tu. A ile ina pointi 5 na bado haiwezi kusimama badala ya somo la pili.

Ukitaka njia ya mkato, ipo ya kukataa tu. Mwenye pointi 16 au 17 za divisheni hawezi kufikisha 4.0 kwa mchanganyiko wowote wa herufi, ingawa cheti chake kinasoma divisheni ya tatu. Kuanzia 13 hadi 15 inategemea herufi zenyewe, na hapo ndipo kila mtu anatakiwa akae na karatasi yake ajumlishe. Waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 wana jedwali lao, maana miaka hiyo madaraja yalikuwa na B+ katikati: A 5, B+ 4, B 3, C 2. Kwao 4.0 ni C mbili, na wakitumia jedwali la wenzao watajidanganya.

Ukishapata 4.0, rudi kwenye mwongozo utazame safu ya programu unayoitaka. Masomo mawili unayoyahesabu lazima yawemo kwenye orodha ya programu hiyo, na baadhi ya programu zina sharti la ziada la somo fulani la kidato cha nne.

Wenye stashahada wana mlango wao: NTA ngazi ya 6, yaani ngazi ya stashahada, yenye GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, D na kuendelea. Sehemu hii ya pili husahaulika, mtu akidhani GPA nzuri imefuta kidato cha nne. Haikifuti. Kabla ya kuomba unahitaji pia namba ya uhakiki, AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Shughulikia namba hiyo mapema, kwa sababu matokeo ya chuo yakichelewa kufika NACTVET, namba haitoki, na dirisha la maombi halikusubiri. Yule mwenye D, E, E anaweza kupita njia hii, au kusoma kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria na kutoka na GPA ya 3.0.

Pia, ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii ni fani mbili. Afisa ustawi anashughulika na mashauri ya watu na familia: matunzo ya mtoto, ukatili, wazee wasio na wa kuwatunza. Afisa maendeleo anafanya kazi na vikundi na miradi, ikiwemo mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Sifa za kuingia zinaweza kufanana, lakini tangazo la ajira hutaja fani kwa jina, na kuhama ukiwa mwaka wa tatu ni kuanza upya.

Mwongozo huonyesha pia idadi ya nafasi za kila programu. Waombaji wenye sifa wakizidi nafasi, chuo huchukua wenye alama za juu, kwa hiyo 4.0 inakupa haki ya kushindanishwa, haikuahidi kiti. Ndugu au jirani akikuambia ana divisheni three, usimpongeze kwa chuo wala usimkatishe tamaa. Mwombe akutajie herufi zake tatu, chukueni mbili bora, mjumlishe pamoja.